Kiumbe Asiyetufaa, Je, Ana Haki Juu Yetu?

Katika darasa yetu hapa Awasi limezuka swali ambalo twaona yafaa tuwafikishie ndugu zetu: kiumbe asiyetuletea faida yoyote, je, ana haki juu yetu?

Mfano wake uko katika milima ya Taita, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwetu. Huko yuko ndege mwimbaji ambaye wataalamu humwita Turdus helleri, aliyeandikwa na Mearns mwaka 1913. Kichwa na kifua chake ni vyeusi, na mdomo wake una rangi ya chungwa. Huokota wadudu na matunda chini, katika kivuli cha msitu wa asili, wala si mwepesi wa kuvuka mashamba yaliyo wazi. Nayo misitu hiyo imekatwa kwa ajili ya kilimo hata vimebaki vipande tu, kama Mbololo, Ngangao na Chawia, na hapana hata kimoja kifikacho hekta 300. Mahali pengine duniani ndege huyu hayuko. Ndugu yake, tumwonaye akirukaruka katika nyua zetu, ameenea nchi nyingi za Afrika wala hana hofu. Huyu wa Taita amehesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka.

Mtu atasema: "Akitoweka, Awasi itapungukiwa nini?" Jawabu la haraka ni kwamba msitu hutunza chemchemi. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Tukikubali kuwa kitu huhifadhiwa kwa manufaa yake tu, tutamjibu nini atakayeuliza manufaa ya mgonjwa asiyepona na mzee asiyeweza kazi? Ndege huyu hatukumuumba, wala akitoweka hatuwezi kumrejesha. Kisichokuwa chetu, nasi tumekikuta mikononi mwetu, hicho ni amana.

Lakini amana hii ni juu ya nani? Mkulima wa Taita naye ana watoto, na ahitaji shamba na kuni. Kumwambia auache msitu, nasi tulio mbali tusitoe kitu, ni kumpa yeye deni na sisi kujitwalia sifa. Watu wa Awasi twayajua haya. Mto Nyando ufurikapo katika tambarare ya Kano, walio chini huwalaumu walio juu kwa kukata miti. Na walio juu huuliza, wasipolima wale nini? Kila upande una hoja yake, na lawama peke yake haijapata kuzuia mafuriko.

Basi twasema: ndege huyu ana haki juu yetu sote, na gharama ya haki hiyo si ya jirani yake peke yake. Yafaa kodi zetu na michango yetu imfikie yule aliyeuacha msitu usimame. Na asiyeweza kufika Taita, na aanze na ukingo wa mto upitao karibu na shamba lake.