Mgongo Haukuvunjwa na Gunia

Wajukuu zangu, nasikia wawili wenu mmeingia kwenye apolo, mitumbwi ya kuvulia usiku kwa taa, na wa tatu amepata kazi ya kupakia mawese sokoni. Sina ubishi na kazi hizo. Mimi zimenilisha, na mama zenu zimewasomesha. Nina neno moja tu kuhusu mgongo, na nalisema mapema kwa kuwa mimi niliambiwa nikiwa nimeshachelewa.

Watu hapa Rumonge wakiniona natembea pole pole hudhani mzigo ndio ulioniweza. Hapana. Nimebeba vishada vya michikichi tangu ujanani, nimebeba magunia ya ndagala (wenzetu wa Kigoma wanasema dagaa), na miaka yote hiyo mgongo ulikaa kimya. Siku uliponiangusha nilikuwa naokota kandambili. Tulikuwa tumeingia ufukweni alfajiri baada ya kukesha juu ya ubao tukichungulia taa, magoti kifuani, mgongo umepinda kama ndoana. Nikaruka chini, nikainama, na kiunoni kikapita kitu kama kamba inayokatika. Wenzangu walinibeba nyumbani kwenye turubai la kuanikia ndagala. Harufu yake nilikaa nayo juma zima.

Shangazi yenu, aliyesomea kazi ya kunyoosha viungo kule Bujumbura, ndiye aliyenifumbua macho. Mtu akikaa ameinama kwa saa nyingi, kano za mgongo hulegea, na misuli huchelewa kuamka ili imkinge. Akishuka tu na kuinama, hakuna anayemshikilia. Aliyelala usiku kucha naye ana lake. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini kinachonyonya maji wakati umelala, ndiyo maana asubuhi una urefu wa sentimita moja hivi kupita ulivyokuwa jioni. Kisahani kilichojaa hivyo hakipendi kukunjwa. Kwa hiyo mkishuka kwenye apolo, msishike kamba kwanza. Tembeeni hadi kwenye mitumbwi iliyoanikwa na kurudi, jinyosheni, nyoosheni viuno kwa nyuma, ndipo mvute. Tajiri wa mtumbwi atapiga kelele. Mwacheni apige.

Alilonieleza baadaye lilinishangaza zaidi. Kisahani hicho, kwa mtu mzima, hakina mishipa ya damu ndani yake. Kinakula kwa kukamuliwa na kuachiliwa, kama kitambaa unachokikamua majini kisha ukakiachia kinywe tena. Basi mtu anayekaa bila kusogea anakinyima chakula. Mimi nilipoanguka nililazwa wiki tatu chali, kila jirani akileta shauri lake, mmoja akaniletea mtu wa kunikanyaga mgongo. Nilipojaribu kusimama, miguu ilikuwa imenyong'onyea kuliko siku ya kwanza. Shangazi yenu angekuwa ameshamaliza masomo wakati ule, angenitoa kitandani siku ya pili au ya tatu, nitembee mpaka mlangoni hata kama nalia. Ukiumia, punguza kazi, usiache kutembea. Na ile mikanda mipana ya kiunoni inayouzwa sokoni msiifanye dawa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, lilipendekeza mazoezi, na mikanda hiyo likashauri isitumiwe kama tiba ya kawaida.

Wewe wa mawese, sikiliza. Bidoni la lita ishirini lina uzito wa kilo kumi na nane hivi, na si lazima likuumize. Likumbatie, liguse tumbo, kunja magoti. Ukiliinua mikono ikiwa imenyooka mbele, kiuno kinalipia mara kadhaa. Kisha usigeuze kiwiliwili huku miguu imesimama palepale, geuza miguu. Nimeona vijana wenye nguvu kama maksai wakiharibika kwa kupasiana mabidoni kwa ubavu, mmoja juu ya gari, mmoja chini, siku nzima.

Bibi yenu, Mungu amrehemu, alibeba kichwani maisha yake yote na shingo yake ilikuwa imenyooka kama mchikichi. Mwaka 1986 watafiti waliowapima wanawake wa Kiluo na Kikikuyu kule Kenya walichapisha kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu wakati wa kutembea. Lakini bidoni lililojaa maji ni kilo ishirini, na binti wa kilo hamsini na tano sehemu yake ya tano ni kilo kumi na moja. Bibi hakujua hesabu hiyo, ila alikuwa na mabidoni ya lita kumi, akienda mara mbili, na wenzake wakimcheka. Alikuwa pia na msemo wa ukali: hajitwiki mtu mzima peke yake. Aliona kwamba kutembea na mzigo hakukumsumbua, tabu ilikuwa pale unapoupandisha kichwani na pale unapoutua. Msichana akikuomba umtwike, weka simu mfukoni umtwike.

Na hiyo simu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo tano, kama sangala mzuri. Jaribu kumshika sangala huyo kwa mkono ulionyooka mbele, uone unavumilia dakika ngapi. Inua simu ije machoni.

Sasa mambo ambayo si ya kujinyosha wala kuvumilia. Mgongo ukiuma na miguu ikalegea, au ukafa ganzi mapajani kwa ndani na sehemu za siri, au ukashindwa kuzuia mkojo au choo, nenda hospitali siku ileile, usiku usiwe kisingizio. Na maumivu yasiyopoa hata ukilala, yakiandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, yanaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Msikimbilie kwa wakanyagaji. Kapimwe, kwa maana kina dawa.