Msamaha wa Kodi na Mtu wa Basi



Serikali inapomsamehe mtu kodi, imempa fedha. Wengi hatulioni jambo hili, maana hakuna noti iliyotoka mfukoni mwa mmoja na kuingia mfukoni mwa mwingine. Lakini barabara hutakiwa kutengenezwa vilevile, na hospitali huhitaji dawa vilevile. Asicholipa mmoja hulipwa na wengine, au kazi fulani haifanyiki. Basi tuulize: je, ni haki serikali kumpa zawadi mtu mwenye uwezo wa kununua gari jipya la umeme, huku asiye na gari akiichangia zawadi hiyo?

Tutazame Norwei. Mwaka 1990 nchi ile ilianza kuyasamehe magari ya umeme ushuru wa gari jipya, na mwaka 2001 ikayaondolea kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa gari la petroli sasa ni asilimia 25. Pia yalipita bure penye tozo za barabara, tena yakaruhusiwa katika njia za mabasi. Matunda yalionekana. Mwaka 2024, katika kila magari mapya 10 yaliyouzwa, karibu 9 yalikuwa ya umeme. Na kwa kuwa umeme wao karibu wote hutokana na nguvu za maji, moshi haukuhamishwa tu kutoka barabarani kwenda kwenye mtambo wa makaa.

Wanaotetea msamaha huo husema kwamba hewa ni ya wote. Mtu aliyeacha petroli hawezi kuvuta peke yake hewa safi aliyoiacha. Jirani yake aendaye kwa miguu hupata sehemu yake, na mtoto ambaye hajazaliwa pia. Kwa hiyo zawadi ile ni kama ujira wa kazi iliyofanyika kwa faida ya wote. Tena gari jipya la leo ndilo gari kuukuu la kesho, ambalo mwenye kipato kidogo ataweza kulinunua. Hoja hii ina nguvu, wala si vema kuidharau.

Lakini aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Fikirini habari ya njia za mabasi. Zilitengwa ili mtu wa basi awahi kazini. Magari ya umeme yalipozidi, yalijaa humo, na basi lenye watu wengi likakwama nyuma ya magari yenye mtu mmoja mmoja. Mwaka 2015, katika barabara kubwa ya kuingia Oslo kutoka magharibi, ikabidi iamriwe kwamba saa za msongamano gari la umeme lisitumie njia hiyo pasipo abiria. Kumbe zawadi ilikuwa imekwisha kugeuka: ilimnyang'anya nafasi mtu aliyechafua hewa kidogo kuliko wenye magari, ikampa mwenye gari.

Kwa maoni yangu, zawadi ya namna hii ni haki ikishika mambo matatu. Kwanza, iwe na kipimo. Norwei yenyewe mwaka 2023 ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa sehemu ya bei iliyozidi kroner 500,000. Na Marekani, katika sheria ya mwaka 2022, iliwanyima nafuu wenye mapato makubwa, ikawafikiria pia wanunuzi wa magari yaliyokwisha kutumika. Pili, iwe na mwisho, maana ujira unaolipwa baada ya kazi kwisha ni upendeleo. Nafuu za Marekani zilikoma Septemba 2025. Tatu, isimruke mwenda kwa miguu, wa baiskeli na wa basi, ambao huichafua hewa kidogo kuliko wote na kwa kawaida hawapewi shukrani.

Basi, mkisikia kwamba serikali yoyote imesamehe kodi ya magari ya umeme, msishangilie upesi wala msilaumu upesi. Ulizeni kwanza: yule anayesubiri basi kituoni, yeye amepata nini?