Kupiga Picha na Kupiga Hodi

Swali tunalotaka kulifikiri pamoja safari hii ni fupi kulitamka: je, ni halali kumpiga picha mtu katika unyonge wake? Siku hizi karibu kila mfuko uingiao kanisani una simu, na karibu kila simu ina kamera. Picha hupigwa arusini na ubatizoni, na hilo halina ubaya. Lakini hupigwa pia mazishini, jeneza likiwa wazi; hupigwa wodini, mgonjwa akiwa hana nguvu hata ya kuvuta shuka; na hupigwa, tena kwa maagizo yetu wenyewe, siku ya kugawa unga kwa wajane. Juu ya hiyo ya mwisho ndipo ubishi ulipozuka mtaani kwetu, na ndiyo sababu ya kuandika.

Binti mmoja wa mtaa huu anasoma chuoni somo la upigaji picha. Baada ya ubishi ule alituletea daftari lake la mazoezi tulisome, na ametupa ruhusa kueleza yaliyomo mradi tusimtaje jina. Tulidhani tutakuta habari za filamu na taa. Kumbe tulikuta jambo lingine.

Zoezi la kwanza lilimtaka kila mwanafunzi akae mbele ya picha moja kwa robo saa na kuandika anayoyaona, basi. Maneno kama "umaskini", "huzuni" na "tumaini" yalikatazwa, kwa kuwa hayo hayaonekani kwa macho. Yanayoonekana ni mkono, kivuli, ukosi uliochanika, macho yanayotazama kando. Binti anaeleza kwamba baada ya dakika tano alikuwa amemaliza yote aliyokuwa nayo, na zile kumi zilizobaki ndizo zilizomfundisha.

Sisi tuliozeekea vyuo vya ualimu tulifurahi kusoma hayo. Ni mara ngapi tumekaa nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanafunzi akitundika picha ya ukutani na kuuliza, "Mnaona nini?" Watoto wote kwa sauti moja: "Twaona soko!" Naye aliridhika, akaendelea na somo. Lakini hakuna aliyeona soko. Katika picha mlikuwa na mama aliyeshika mizani, mtoto amelala chini ya meza, na mtu mmoja anayehesabu fedha huku akitazama nyuma yake. Neno "soko" liliwahi kufika, likafunga mlango. Ndivyo lifanyavyo na neno "mjane", na neno "yatima". Mtu akisha kuitwa hivyo, hatumtazami tena, twatazama neno.

Picha aliyopewa binti yetu ilipigwa mwaka 1936 na mama mmoja wa Marekani, Dorothea Lange, aliyekuwa ameajiriwa na serikali kuonyesha hali za wakulima waliofilisika. Mahali ni kambi ya wachuma njegere, Nipomo, California, mwaka ambao baridi kali iliharibu mazao na vibarua wakakosa kazi. Mama amekaa, vidole vyake vimegusa shavu, uso umekunjamana. Watoto wawili wamemwegemea mabegani, mmoja kila upande, nao wametupa kisogo. Kitoto kichanga kimo mapajani. Binti aligundua katika zile dakika kumi kwamba watoto wale wawili hawana nyuso. Sisi tumeiona picha hiyo vitabuni miaka mingi, na hatukuwahi kuliona hilo.

Yasiyoonekana alikwenda kuyasoma baadaye. Picha ilipotoka gazetini, serikali ilipeleka chakula kambini, pauni 20,000. Lakini mama yule na wanawe walikuwa wamekwisha ondoka kutafuta kazi kwingine. Lange mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakumwuliza jina. Kwa miaka 42 ulimwengu ulimjua kama "Mama Mhamaji" tu, mpaka mwaka 1978 alipojulikana kuwa ni Florence Owens Thompson, Mmarekani wa asili ya Kicherokee. Naye alisema kwamba angependa asingepigwa picha ile, na kwamba hakupata hata senti moja kutokana nayo.

Zoezi la pili tutalipita upesi: umwendee mtu usiyemjua, uombe ruhusa, uandike jina lake kama yeye mwenyewe anavyolitamka, kisha umrudie na nakala ya picha yake. Binti alimpiga fundi baiskeli. Alirudi mara tatu bila kumkuta, na zoezi lilimgharimu nauli kuliko karatasi.

La tatu lilikuwa geni kwetu kabisa: andika juu ya picha ambayo ungeweza kuipiga, ukaacha.

Hapo ndipo anapoeleza siku ya unga. Wazee wa kanisa walimwomba apige picha kwa kuwa ana kamera nzuri. Wajane walipangwa mstari mbele ya mlango wa kanisa, kila mmoja na mfuko wake, na mmoja wetu amesimama kando akiushika mfuko kwa pembe moja, ili ionekane kwamba bado anatoa. Wapo waliocheka na kufurahi kupigwa, na tusiwasemee. Lakini mama mmoja zamu yake ilipofika alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Akaambiwa, tena kwa upole kabisa, "Mama, funua uso, wafadhili wakuone." Akafunua. Binti akashusha kamera.

Maneno yakawa mengi. Wengine walisema chuo kimemharibu, amekuwa na kiburi mbele ya wakubwa zake. Wengine walisema jambo lenye uzito zaidi: ndugu zetu wa mbali wanaotuma fedha wana haki ya kujua zimefanya kazi gani, na bila picha hakuna unga wa safari nyingine. Hatuwadharau waliosema hivyo. Njaa ya wajane ni ya kweli, na fedha za kanisa zimeibiwa mara nyingi mno katika nchi nyingi mno hata mtu ashangae kuulizwa ushahidi.

Kwa kweli, anayetaka kutetea picha kuwa ushahidi anaweza kuitetea kwa nguvu kuliko walivyoitetea wao. Yampasa aende Kongo. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikubaliwa na mataifa ya Ulaya mwaka 1885 kuwa mwenye nchi ile, nayo makampuni yakapewa misitu ili watu walazimishwe kutoa mpira. Kijiji kilichopunguza kiasi kiliadhibiwa kwa risasi na kukatwa mikono. Wamisionari waliandika barua nyingi. Wakubwa wa Ulaya walizikana au walizinyamazia. Mwezi Mei 1904 mtu mmoja jina lake Nsala alifika misheni ya Baringa na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Bibi Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiingereza, alimwomba akae barazani, akampiga picha.

Tulifanya zoezi la robo saa kwa picha hiyo pia. Mtu amekaa ukingoni mwa baraza. Halii, wala hatazami kamera. Anatazama sakafuni, na mbele yake pana vitu viwili vidogo ambavyo jicho halivijui mara moja, lazima litafute. Likisha kuvijua haliwezi kurudi nyuma. Bibi Harris na mumewe John walizunguka Uingereza na Marekani wakionyesha picha zao kwa taa kumbini na makanisani, na vilio vilivyotokea vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomshinda mfalme. Mwaka 1908 alilazimika kuiachia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakwisha siku hiyo, ila utawala wake wa peke yake ulikwisha.

Basi, je, binti yetu amekosea? Kama Bibi Harris angeshusha kamera kwa heshima ya baba aliyefiwa, nani angeamini?

Tumeligeuza swali hili siku nyingi, na twaona picha mbili hizi hazifanani ila kwa kifaa. Nsala alikuja mwenyewe na kifurushi chake. Alitembea nacho ili kionekane. Mama wa kanga alikuja kutafuta unga. Picha ya Nsala yamshitaki aliyetenda dhuluma. Picha ya unga yamsifu aliyetoa. Ya kwanza ilimgharimu mwonyeshaji raha na usalama wake. Ya pili haimgharimu ila yule anayefunuliwa uso. Na hakuna aliyepinga kwamba mama yule ana njaa! Ushahidi huletwa penye kukanushwa. Kilichokuwa kinataka ushahidi pale ni uaminifu wetu sisi, si uhitaji wake yeye. Basi kwa nini uso utumike wa kwake?

Hata hivyo hatuwezi kuifanya picha ya Baringa kuwa safi kabisa. Nsala alikalishwa. Mtu aliyefiwa hivyo, akiombwa na mwenyeji wa nyumba aliyoikimbilia, ana nafasi gani ya kukataa? Tena picha ilisafiri hadi kumbi ambazo yeye hakuzijua, ikatazamwa na watu waliovaa makoti yao na kurudi nyumbani kunywa chai. Twasema Bibi Harris alitenda vema, na bado twasema deni lilibaki. Walau jambo moja alilifanya ambalo Lange hakulifanya: jina. Tunawajua Nsala na Boali kwa majina baada ya miaka zaidi ya 100.

Hili la jina si dogo. Fungueni Luka 16, mfano wa tajiri na Lazaro. Bwana wetu ametuambia jina la maskini aliyelala mlangoni. Tajiri hana jina. Sasa tazameni picha zinazobandikwa ofisini na kutumwa nje: chini yake huandikwa jina la kiongozi aliyekabidhi, pamoja na cheo chake, kisha "na mmoja wa wajane". Tumeugeuza mfano juu chini, wala hatukukusudia. Na katika Mathayo 6 wamo watu waliopigisha baragumu walipotoa sadaka. Baragumu la siku zile lilinyamaza baada ya dakika moja. La siku hizi huhifadhiwa kwenye simu, likapulizwa tena na tena mpaka wajukuu wa yule mama walione. Wazee wetu walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema simama kwanza upigwe picha.

Kuna aliyetuambia kwamba Kiswahili chenyewe kimeliona jambo hili, kwa kuwa husemwa mtu "amepigwa" picha, kama kupigwa kofi. Hoja tamu, lakini mwalimu wa lugha haikubali. Kiswahili hupiga karibu kila kitu: hupiga pasi, hupiga magoti, hupiga mluzi, wala hakuna anayeumia. Ila tukitaka kitenzi hicho kitufundishe, yafaa tukumbuke kwamba hupiga hodi pia. Mwenye kupiga hodi husubiri, na asipojibiwa karibu hurudi kwake, hata kama mlango una upenyo na ndani panaonekana. Mama aliyejifunika uso alikuwa amejibu.

Kuhusu hesabu za wafadhili, tumewaeleza wazee wa kanisa, na hapa twarudia, kwamba daftari lenye majina, kiasi na sahihi au dole gumba, likithibitishwa na Umoja wa Akina Mama na Padri, ni ushahidi bora kuliko picha. Picha ya wajane kumi haisemi kama mifuko ilikuwa kumi au ishirini. Wafadhili wakitaka kuona, basi waone magunia, mizani, risiti ya mashine ya kusaga. Na mjane anayependa apigwe, apigwe akiwa amekaa kwenye kiti chake nyumbani kwake, jina lake likiandikwa kamili, naye apewe nakala. Wapo watakaopenda, tena wengi.

Maana mambo haya hayana upande mmoja. Mwaka 1983 Florence Thompson alipougua sana, wanawe waliomba msaada hadharani. Watu waliokuwa wameiona picha yake ujanani mwao walileta barua na fedha, zaidi ya dola 30,000, na wanawe wakakiri kwamba barua zile ziliwafanya waitazame picha ya mama yao kwa macho mengine. Alifariki mwaka huo huo, mwezi Septemba. Wema huo ulikuja, lakini ulikuja baada ya yeye kuwa na jina na wanawe kusema kwa vinywa vyao.

Binti alipata alama nzuri kwa zoezi la tatu, ingawa mwalimu wake aliandika pembeni kwa wino mwekundu: je, ulimwuliza yule mama kwa nini alijifunika? Hakuwa amemwuliza. Amekwenda likizo hii. Wamezungumza, na waliyozungumza hakuyaandika daftarini, wala hatukumdadisi.

Picha zilizopigwa siku ile kabla kamera haijashushwa bado zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa sakristia. Akina mama ni watano. Wanne tumekwisha waandikia majina yao chini, kwa idhini yao. Wa tano, aliyesimama mkono wa kushoto mwenye kilemba cheupe, inasemekana amehamia kwa mwanawe na hatujampata. Anayemfahamu tafadhali amwone mzee wa kanisa wa zamu, ili aulizwe kama aandikwe jina au picha ishushwe.