Uhai wa Mwili na Uhai wa Moyo

Bismillahi Rrahmani Rrahimi. Sifa zote zamstahiki Mwenyiezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo: kila mwanaadamu hupenda uhai wenye nguvu. Mzee hutafuta dawa ya kumrejezea ujana, wala kujitibu si haramu. Kijana naye hujivunia mkono wake, akadhani ni mali yake. Walakini Kurani, Sura ya 30 aya ya 54, imebainisha kuwa mtu huumbwa dhaifu, kisha hupewa nguvu, kisha hurejezwa kwenye udhaifu na mvi. Basi nguvu ni bamvua baina ya maji mafu mawili. Nahodha mwenye akili hukielesha chombo chake bamvua lingalipo. Asemaye "kesho" hukuta kimekaa mchangani.

Ama roho, Sura ya 17 aya ya 85 yafunza kuwa ilimu yake ni ya Mola. Mja hataulizwa roho ni kitu gani. Ataulizwa, kama alivyopokea Tirmidhi katika Hadithi, umri wake aliumaliza katika nini, na mwili wake aliuchakaza katika nini.

Na katika Hadithi ya Abu Musa, Mtume S.A.W. amemfananisha amkumbukaye Mola wake na mtu hai, na asiyemkumbuka na maiti. Ni wangapi bandarini wachukuao magunia mazito tangu asubuhi hata magharibi wasichoke, na shuka nyepesi ikawashinda kuifunua wasikiapo adhana ya alfajiri! Miili yao i hai. Je, na nyoyo zao?

Na atazamwe Abu Ayyub Al-Ansari, aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina mwaka 1 wa Hijra (622). Kiasi cha miaka 50 baadaye, naye amekwisha kuwa mzee, alitoka na jeshi kwenda Kostantinia, asiufanye uzee kuwa udhuru. Akafia huko, na kaburi lake lazuriwa hata leo katika mji huo, ambao sasa ni Istanbul. Mifupa yake ilidhoofika, moyo wake haukudhoofika.

Basi mwenye nguvu leo na aanze kwa sala ya alfajiri ya kesho, kabla maji hayajapwa. Mwenyiezi Mungu azihuishe nyoyo za Waislamu kwa kumtii, na awape mwisho mwema. Amin.