Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

(Someni kwanza Nehemia, tangu mlango wa 2, mstari wa 11, hata mwisho wa mlango wa 3.)



Watu wengi wakifika mlango wa tatu wa kitabu cha Nehemia huuruka. Husema, Hii ni orodha ya majina tu, haina chakula cha roho. Sisi nasi tuliuruka miaka mingi, hata tulipokuwa chuoni tukijifunza kazi ya uchungaji. Lakini sasa twaona ya kuwa tulikosa.

Nehemia alipofika Yerusalemu alikuta kuta zimebomoka na malango yameteketea kwa moto. Hakupiga mbiu siku ile ile. Alitoka usiku pamoja na watu wachache, akazunguka na kutazama kila mahali palipoharibika, hata akafika mahali ambapo mnyama wake hakuweza kupita. Alipokwisha kuujua ukubwa wa kazi, ndipo alipowaita watu. Nao walipoanza, kila jamaa ilishika kipande chake. Kuhani mkuu alijenga, na mafundi wa dhahabu, na wafanya manukato, na wafanya biashara, na Shalumu pamoja na binti zake. Wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Wakuu wa Tekoa tu walikataa kutia shingo zao kazini, na aibu yao imeandikwa hata leo. Ukuta ukaisha kwa siku 52.

Sasa twataka kuwapa habari za kisiwa kimoja cha mbali, mpate kuona ya kuwa njia hii haikufa pamoja na Nehemia.

Katika nchi ya Denmark kuna kisiwa kiitwacho Samsø, ambacho kizima ni manispaa moja. Wakaao huko hawafiki 4,000. Ni watu wa mashamba na wa bahari, na wengi wao ni wa Kanisa la Kilutheri kama sisi. Zamani umeme wao ulitoka bara kwa waya upitao chini ya bahari, nao ulitokana hasa na makaa ya mawe. Mafuta ya kutia joto nyumba zao wakati wa baridi yaliletwa kwa meli. Mnajua ya kuwa moshi wa makaa na mafuta huizunguka dunia kama blanketi, na joto huzidi mwaka kwa mwaka, barafu huyeyuka, na bahari hupanda. Basi mwaka 1997 serikali ya Denmark ilifanya mashindano, ipate mahali pa kuonyesha ya kuwa watu waweza kuishi kwa nguvu za upepo na jua na mazao ya shamba katika muda wa miaka 10, bila kungojea uvumbuzi mpya. Samsø ikashinda.

Lakini ushindi ule haukuja na mfuko wa fedha. Ulikuwa mpango wa karatasi, tena uliandikwa na mhandisi asiyekaa kisiwani. Wenyeji wengi hawakuujali. Katika miaka ile ile machinjio ya nguruwe yaliyowapa watu wengi kazi yalikuwa yakifungwa, nao walikuwa na mashaka yao.

Ndipo Søren Hermansen, mwana wa mkulima wa kisiwani aliyekuwa mwalimu, aliposhika kazi ya kuuzungumza mpango huo na jirani zake. Alikwenda mikutanoni na majumbani, akakaa na watu wakinywa kahawa, akawasikiliza. Wengine walikataa, wengine walingoja kuona jirani atafanya nini. Mmoja alipokubali, wa pili alikubali, kisha wengi.

Ilipofika mwaka 2000 walikuwa wamesimamisha vinu vya upepo 11 katika nchi kavu. Vinu 9 vilikuwa mali ya wakulima, na 2 vilikuwa vya ushirika wa watu walionunua sehemu ndogo ndogo. Mwaka 2003 vinu 10 vingine, vikubwa zaidi, vilikuwa vikifanya kazi baharini upande wa kusini. Vitano kati ya hivyo vilinunuliwa na manispaa yenyewe, na vilivyobaki vilinunuliwa na watu, wengine peke yao na wengine kwa sehemu. Tena walijenga nyumba za tanuri. Humo mabua ya ngano yaliyobaki shambani huchomwa ili kuchemsha maji, na maji ya moto hupita katika mabomba hata nyumba za kijiji. Mahali pamoja hutumia vipande vya miti na joto la jua. Kabla ya miaka 10 kwisha, kisiwa kilifanya umeme mwingi kuliko kilivyoutumia, na uliozidi ulipelekwa bara kwa waya ule ule uliokuwa ukiwaletea.

Tusidanganyane, ndugu. Kazi yao haijaisha. Magari na vyombo vya baharini viliendelea kula mafuta, na wameweka nia ya kuyaacha ifikapo mwaka 2030. Tena serikali yao ni tajiri, na iliwaahidi wenye vinu bei ya umeme isiyobadilika kwa miaka kadhaa, hata mabenki yakawakopesha bila hofu. Sisi hatuna hayo. Lakini jambo moja walilokuwa nalo twaweza kuwa nalo sisi pia: kila mmoja alikuwa na kipande chake cha ukuta. Mtu achukiaye sauti ya kinu cha jirani huisikia sauti ya kinu chake mwenyewe bila kununa.

Nasi twaandika haya kwa sababu tumekosa. Miaka michache iliyopita rafiki wa mbali alitaka kuupa usharika wetu mtambo wa taa za jua. Tulifurahi mno, tukaandika barua ya kukubali siku ile ile. Hatukuwaita wazee wa kanisa. Hatukuuliza ni nani atakayesafisha vibao, wala fedha za kununua betri nyingine zitatoka wapi. Taa ziliwaka, tukamshukuru Mungu ibadani. Masika ya pili betri zikafa. Wanakwaya wakarudia taa ya mafuta, na shomoro wakajenga viota chini ya vibao. Tuliwakaripia wazee kwa uvivu wao. Mama mmoja, mzee wa kanisa, akasimama kwa heshima akasema, "Baba Mchungaji, taa zile zilikuwa zako. Hatukuthubutu kuzigusa." Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumejenga ukuta peke yetu, tukawalaumu wengine kwa kuanguka kwake.

Katika Katekisimo Ndogo Daktari Martin Luther atufundisha ya kuwa tukiomba mkate wa kila siku hatuombi chakula tu. Twaomba pia utawala mwema, na hali njema ya hewa, na majirani waaminifu. Mambo hayo matatu yamo katika ombi moja, nasi tusiyatenge. Mvua na upepo vimo mkononi mwa Mungu, wala hakuna kazi yetu itakayotupatia wokovu, maana huo twaupokea kwa neema. Lakini aliyeokolewa bure ana jirani, na jirani huyo anakaa pwani ambayo bahari inaila.

Basi twawasihi mambo matatu.

Kwanza, hesabuni kabla ya kusema, kama Nehemia alivyofanya usiku. Kila nyumba ijue kuni, makaa na mafuta iyatumiayo kwa mwezi. Kila mtaa ujue mikoko imekatwa wapi na maji yamefika wapi.

Pili, mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa kwa shauri la nishati au la ufuo, nendeni. Mkristo akaaye nyumbani siku ya shauri, kisha akanung'unika, ni ndugu wa wakuu wa Tekoa.

Tatu, msipokee kitu ambacho hamkukiwekea sanduku. Usharika wetu sasa una sanduku la betri, na funguo zake mbili zimeshikwa na mama yule na kijana mmoja wa kwaya. Kila nyumba hutia kidogo baada ya mavuno, na mwenye samaki hutia bei ya samaki. Betri moja imekwisha kununuliwa. Vijana wamejifunza kuosha vibao, na viota vimeondolewa baada ya makinda kuruka. Taa zawaka tatu kati ya sita. Kwaya yaimba usiku, na hakuna aulizaye tena zile taa ni za nani.

Bwana aliyempa Nehemia moyo wa kuomba na macho ya kutazama, atupe sisi nasi vyote viwili. Amina.