Maji ya Kijiji na Amri ya Tano

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34 ya kitabu chake, alitumwa na Mungu kuwakemea kondoo wanono wa kundi. Kondoo hao walikunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yale yaliyosalia, na wenzao wanyonge wakabaki kunywa matope. Mbele ya Mungu jambo hilo halikuwa dogo. Alitangaza kwamba yeye mwenyewe atahukumu kati ya kondoo na kondoo.

Neno hilo la kale lahusu kila kijiji chenye chemchemi moja.

Mfano ni huu. Kijiji cha mlimani chapata maji yake katika chemchemi moja. Mtu mmoja, mkatekumeni aliyekaribia ubatizo, ajenga nyumba upande wa juu wa chemchemi hiyo, na kwa uvivu hachimbi choo. Jamaa yake wote huenda vichakani. Masika yafika, na mvua yakokota uchafu ule mpaka majini. Maji yangali maangavu, hayana harufu, nayo ni matamu kinywani. Baada ya siku chache watoto waanza kuhara na kutapika, wawili wafa. Hapo watu wakutana, wamtaja mjane mzee asiye na mtoto, wakisema ndiye mchawi aliyewala. Yule mkatekumeni apaza sauti pamoja nao. Mjane afukuzwa usiku, mvua ikinyesha.

Je, nani ameua?

Vijidudu vya kolera, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu hutoka katika mavi ya mgonjwa. Macho hayavioni, na maji yaliyo maangavu yaweza kuvibeba. Mnamo Julai 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda walikusanyika Goma. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, hata kuchimba vyoo kulikuwa kazi ngumu, na wengi walikunywa maji ya ziwa Kivu bila kuyachemsha. Kolera ikazuka, ikaua maelfu ya watu katika majuma machache. Si uchawi uliowaua. Ni maji yaliyoingiwa na uchafu.

Amri ya tano haikatazi mkuki na sumu tu. Yakataza pia uzembe uletao kifo. Anayejua kwamba uchafu wake washuka katika mtungi wa jirani, naye asichukue jembe, huyo ahatarisha uhai wa ndugu yake. Na anayemsingizia mjane asiye na kosa avunja amri ya nane, hali chanzo cha msiba kimekaa nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Mtu huyo afanye nini? Ubatizo huondoa dhambi zote, lakini haumpi ruhusa ya kuacha deni bila kulipa. Achimbe choo. Amtafute mjane, amrudishe kwa heshima, na mbele ya watu wote akiri kwamba alimwonea. Hawezi kuwarudisha watoto waliokufa. Basi awalinde walio hai. Kabla ya kushuka katika maji ya ubatizo, ayasafishe kwanza maji ya jirani zake.

Musa naye aliwaagiza Waisraeli, katika sura ya 23 ya Kumbukumbu la Torati, watoke nje ya kambi, wachimbe shimo, na kufukia uchafu wao, kwa sababu Mungu alitembea kati yao. Hivyo usafi ni heshima kwa Mungu na upendo kwa mwenzi.

Kazi za kijiji ni hizi. Choo kiwe mbali na chemchemi, si chini ya metre 30, tena upande wa chini. Chemchemi izungushiwe uzio, na juu yake uchimbwe mfereji wa kugeuza maji ya mvua. Ikiwezekana, ifunikwe kwa mawe na saruji, maji yatoke katika bomba. Kufua nguo, kuloweka mihogo na kunywesha mifugo kufanywe chini ya mahali pa kuchota. Sumu ya kuvulia samaki isitiwe mtoni kamwe. Nyumbani maji yachemshwe mpaka yatokote, yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, na mikono inawiwe kwa sabuni au majivu. Anayehara anyweshwe mara nyingi maji yaliyochemshwa, litre moja yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, naye apelekwe upesi kwa mganga wa hospitali.

Usiku wa Mkesha wa Pasaka padri hubariki maji, na katika maji hayo wakatekumeni huzaliwa upya. Mungu aliyechagua maji yawe mlango wa uzima hapendi yawe mlango wa mauti kwa watoto wa kijiji.

MAULIZO
1. Kwa nini maji maangavu yaweza kuleta ugonjwa?
2. Mtu wa mfano alivunja amri zipi?
3. Alipaswa kumtendea nini yule mjane?
4. Ni nani katika kijiji atakayeanza kuzungushia chemchemi uzio juma hili?