Malisho ya Shirika na Haki ya Sahibu

Nawaelekea ninyi ndugu zangu wa Kyela mjini na Ipinda, wa Ngonga na Mwaya, wa Kajunjumele na Matema, na kila Mwislamu akaaye katika bonde hili lililo baina ya ziwa na milima ya Livingstone, niseme nanyi juu ya jambo ambalo machoni pa mpita njia ni dogo, lakini kwa ajili yake watu waliokuwa wakila sahani moja hupishana mlangoni mwa msikiti pasi na salamu: nalo ni ugomvi wa marafiki wawili juu ya kipande cha malisho walichokikodi kwa shirika.

Nchi yetu ni ya maji na rutuba, na rutuba hiyo ndiyo iliyoifanya ardhi iwe adimu. Penye tambarare pana mpunga, ule ambao mchele wake hutafutwa kwa jina hata Dar es Salaam. Penye mwinuko kidogo pana kakao na migomba na michikichi. Na mwenye jozi moja ya maksai wa kulimia, au ng'ombe wawili watatu wa maziwa, hana pa kuwapeleka ila ukingoni mwa mto au katika konde lililopumzishwa, ambalo aghalabu ni mali ya mtu mwingine. Ndipo sahibu wawili hushauriana, wakaenda kwa mwenye ardhi, wakakodi kipande kwa mwaka mmoja, na jioni ile hurudi majumbani mwao wamekunjua nyuso, kila mmoja akijiona amepata malisho na mchungaji kwa nusu ya bei.

Jioni hiyo ya furaha ndiyo ninayotaka tuitazame, kwa kuwa husuma itakayozuka baada ya miezi kadhaa imekwisha pandwa hapo. Fedha alitoa nani? Alizitoa mmoja zote, kwa sababu mwenziwe alikuwa akingojea kuuza kakao yake, akaahidi kwamba akiuza atamlipa nusu yake. Je, iliandikwa? Haikuandikwa, kwani mtu ataanzaje kumwandikisha rafiki yake wa tangu utotoni? Ng'ombe wangapi wataingia? Haikutajwa. Na upande wa chini, ule unaopakana na mto, ni wa nani, na wa juu, wenye nyasi fupi lakini mkavu, ni wa nani? Walisema wataelewana. Nami nasema, ndugu zangu, kwamba haya hiyo ya kutotaja, ambayo wawili wale waliidhania kuwa ni heshima ya urafiki, siyo ile haya iliyo katika imani. Ni uzembe uliovaa kanzu ya heshima, nao huwala watu wema kwanza, kwani mtu mwovu huandikiana na kila mtu na hamwamini yeyote.

Kisha masika hufika. Kiwira hujaa, na Mbaka, na Lufilyo, na Songwe huko mpakani, na nusu ya chini ya malisho hulala chini ya maji, na majani yanapojitokeza tena yamepakwa tope jekundu ambalo ng'ombe hunusa akageuza kichwa. Yule wa upande wa chini huwapandisha wanyama wake juu kwa mwenziwe, akijua kwamba kodi ni moja. Na yule wa juu hanyamazi kwa ridhaa bali hunyamaza kwa kuhesabu. Siku ya pili huona kwamba pamoja na maksai wale pana mitamba wawili wa shemeji, wasiokuwamo katika maneno yao. Siku nyingine hukuta nyasi zimeng'atwa hadi kwenye udongo, na kigingi chake kimeng'olewa na kutupwa kando, kamba ikiwa bado imefungwa. Hapo ulimi hufunguka mbele ya watoto. Na mwenziwe, badala ya kujibu habari ya kigingi, hujibu kwa habari ya plau aliyoazimwa mwaka juzi na haikurudi nzima. Juma lile lile mmoja wao huzungushia miiba upande wake, katika ardhi ambayo hata si yake.

Mwenyezi Mungu Mtukufu alikwisha kutuhadithia habari ya washirika, katika Sura ya Sad, pale mahasimu wawili walipoupanda ukuta wa mihrabu wakamwingilia Nabii Daud, amani iwe juu yake, naye akafazaika. Mmoja alikuwa na kondoo majike 99 na wa pili alikuwa na mmoja tu, na yule wa 99 alimtaka huyo mmoja pia, akamshinda mwenziwe kwa maneno. Nabii Daud akasema kwamba wengi katika washirika hudhulumiana, wasipokuwa wale walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Aya hiyo inatosha kumtia khofu kila mwenye shirika, lakini pana jambo jingine ndani yake ambalo hupita masikioni mwetu: yule mdhulumiwa, anapomshtaki mwenziwe mbele ya Nabii, huanza kwa kumwita ndugu yangu. Amedhulumiwa, amechoka, ameparamia ukuta wa Nabii kutafuta haki, na bado mtu yule kwake ni ndugu. Nani miongoni mwetu, akienda kwa mzee wa kijiji au kwa imamu kushtakia malisho, humtaja mwenziwe kwa jina hilo?

Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu huwa wa tatu kati ya washirika wawili maadamu hapana mmoja aliyemkhini mwenziwe, na khiana ikiingia Yeye hujitoa baina yao. Hadithi hiyo ameipokea Abu Daud kwa njia ya Abu Huraira. Tafakarini maana yake kwa insafu: malisho yale ya mtoni, pamoja na tope lake na mbu wake, yalikuwa na mshirika wa tatu asiyekula nyasi wala kudai kodi, na baraka yote iliyopatikana ilikuwa kwa sababu Yake; na aliyemfanya ajitoe ni mtu mmoja aliyeingiza mitamba wawili bila kusema, au mwingine aliyeficha fedha za kakao akidai kwamba bado hajauza.

Wala msidhani kwamba mas'ala ya upande wa chini na upande wa juu ni mapya, yamezaliwa na mafuriko ya Kyela. Watu wa Madina walikuwa wakulima, na Rafi' bin Khadij, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, ameeleza kwamba walikuwa wakikodisha ardhi kwa sharti kwamba mazao ya kandokando ya mifereji ni ya huyu na ya mahali pengine ni ya yule, na mara nyingine sehemu moja ilisalimika na nyingine ikaangamia, ikawa mmoja amepata na mwenziwe hana kitu. Basi Mtume akakataza ukodishaji wa namna hiyo, ama ule wa kitu kinachojulikana na kudhaminiwa, huo hauna ubaya. Maimamu wetu wa Kishafii nao wameshikilia kwamba ijara haisihi mpaka yajulikane manfaa yake na ujira wake na muda wake. Kwa hiyo anayekodi malisho ya mtoni pamoja na rafiki yake, akijua kwamba kila masika maji hupanda, na akakubali kimyakimya kwamba wa chini atabeba hasara peke yake, amefanya muamala ulioachwa tangu zama za Mtume. Lililo adili ni kwamba shamba liwe moja, hasara iwe moja, na idadi ya wanyama ihesabiwe kwa jina la kila mmoja. Au kama ni kugawana, basi mgawo ukatwe kutoka mtoni kwenda juu, si kandokando ya mto, ili kila mmoja apate sehemu ya tope na sehemu ya kavu.

Na kuandikiana kusiwe aibu. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, katika Sura ya Baqara, haikushuka juu ya vita wala juu ya Kiyama, bali juu ya watu wanaokopeshana kwa muda, kwamba waandike, na mwandishi awe mwadilifu, na wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa, kwa kuwa kufanya hivyo ni karibu zaidi na kuondoa shaka. Kama Mola wetu ameona kwamba jambo hili linastahili aya ndefu kuliko zote, je, sisi tumekuwa wakarimu kuliko Yeye hata tuone karatasi moja ya daftari la shule, yenye majina mawili na mashahidi wawili na idadi ya ng'ombe, ni tusi kwa rafiki? Karatasi ile haimwambii sahibu wako kwamba humwamini. Inamwambia kwamba unakhofu kumpoteza.

Wazee wa nchi hii, hata kabla hawajafikiwa na Uislamu wala Ukristo, waliuheshimu urafiki kwa namna ambayo watu wa mbali waliistaajabia. Monica Wilson, mwanachuoni aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alichapa kitabu mwaka 1951 akieleza jinsi vijiji vilivyokuwa vikijengwa na watu wa rika moja: wavulana waliochunga ng'ombe wa baba zao pamoja ndio waliojenga vibanda vyao pamoja, wakaoa, wakazeeka wakiwa majirani. Urafiki wao ulianzia katika malisho. Basi ni msiba wa namna gani huu, kwamba katika ardhi ile ile, juu ya nyasi zile zile, wajukuu wao wawe wanavunja urafiki pale pale babu zao walipoufunga!

Wengine watasema: mwenzangu huyu si Mwislamu, ni Mmoraviani au Mlutheri, na mambo hayo ya sharia hayamhusu. La, ndugu yangu, yanakuhusu wewe. Khaibar ilipofunguliwa katika mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume aliwaachia Mayahudi wa huko mashamba yao wayalime kwa nusu ya mazao, na Abdullah bin Rawaha alipotumwa kukadiria tende na wakataka kumpa rushwa ili apunguze, aliikataa, akawabainishia kwamba hata chuki yake kwao haitamfanya awadhulumu. Nao wakakiri kwamba kwa uadilifu kama huo ndipo mbingu na ardhi zinasimama. Sisi tulio wachache katika wilaya hii, ambao majirani zetu hawasomi vitabu vyetu bali husoma miamala yetu, tutajibu nini mbele ya Mola ikiwa Mwislamu ndiye aliyezungushia miiba?

Ama kwa wale ambao ugomvi umekwisha watokea, naleta hukumu iliyo katika Sura ya Anbiya. Kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la mtu wakaliharibu, na shauri likafika kwa Nabii Daud na mwanawe Sulaiman. Wafasiri wanaeleza kwamba Daud aliona mwenye shamba apewe kondoo wale kuwa fidia, kwa kuwa thamani ya hasara ilikuwa sawa na thamani yao. Sulaiman, naye akiwa bado kijana, aliona vingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anufaike kwa maziwa yao na sufu yao na wana wao, na mwenye kondoo aingie shambani alihudumie mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja amrudishie mwenziwe mali yake. Mwenyezi Mungu amesema kwamba alimfahamisha Sulaiman hukumu hiyo, na kwamba wote wawili aliwapa hekima na elimu. Hukumu ya kwanza ilikuwa ya haki; hii ya pili ilikuwa ya haki na ikawaacha watu wawili wakiwa bado na mali zao, na, naongeza kwa fahamu yangu mwenyewe, wakiwa wameonja kazi ya kila mmoja, kwani mchungaji alishika jembe na mkulima akakama maziwa. Wazee wanaoitwa kusuluhisha malisho huku kwetu waitazame sana njia hiyo. Aliyeingiza mitamba wa ziada na asiwe na fedha ya kulipa, atoe maksai wake wamlimie mwenziwe jaruba lake msimu ujao. Na aliyechelewesha nusu ya kodi achukue zamu ya kuchunga mpaka deni liishe. Hayo yanawezekana hapa Kyela bila mahakama na bila wakili.

Tanzania na Malawi, ambazo Songwe huzihamishia mpaka kila unapoacha mkondo wake baada ya mafuriko, na ambazo bado hazijakubaliana juu ya mpaka wa ziwa lenyewe, ziliweza mwaka 2017 kutia saini mkataba wa kuunda kamisheni moja ya bonde la mto huo. Ikiwa madola mawili yameketi juu ya mto unaohama, watu wawili hawana udhuru juu ya kigingi.

Wala muda si mrefu. Si halali kwa Mwislamu kumhama nduguye kupita siku tatu, wakikutana huyu akageuza uso na yule akageuza uso, na mbora wao ni yule atakayeanza salamu. Na kila Jumatatu na Alhamisi, kama alivyopokea Muslim, milango ya Pepo hufunguliwa na waja husamehewa, isipokuwa wawili wenye uhasama baina yao, ambao huamriwa wangojewe mpaka wapatane. Hesabuni, enyi mliogombana tangu masika, ni Jumatatu ngapi zimepita mkiwa mmewekwa kando. Mtu aliyefunga Ramadhani yake na kutoa zaka ya mpunga wake bado anangojewa, na kinachomzuilia ni nyasi ambazo ng'ombe alikwisha zila na kuzisahau.

Basi nakusihi wewe unayesoma haya, na unajijua: usingoje mwenzio aje, wala usitume mtoto. Nenda mwenyewe kabla ya Alhamisi hii, ukabishe hodi, ukianza kwa salamu kama ni Mwislamu na kwa ugonile kama si Mwislamu, umwite ndugu yangu kabla ya kutaja ng'ombe. Iondoe miiba kwa mikono yako. Kisha chukueni karatasi na mashahidi wawili, mwende wote malishoni, mhesabu wanyama, mpime mgawo kutoka mtoni kwenda juu, muandike fedha iliyobaki na siku ya kuilipa, na mtie saini kabla maji ya msimu ujao hayajapanda.